Mwenyekiti na Tangazo la Samira

Kwa watu wetu wa Birmingham, mtu hafi siku anapokata roho. Hufa siku Mwenyekiti anapomtangaza. Kabla ya hapo ni uvumi tu: huyu atakwambia yuko hospitali, yule atasema amesafiri, na hakosi mmoja wa kuapa kwamba alimwona jana sokoni akichagua ndizi. Lakini Mwenyekiti akishatuma ujumbe wake wa sauti, akikohoa kwanza kile kikohozi chake kizito, basi, hata marehemu mwenyewe hana la kubisha.

Namwita Mwenyekiti kwa sababu sijamsikia mtu akimwita vingine. Mwenyekiti wa nini? Wageni huuliza, nasi wenyeji hatujawahi kupata jibu. Hapo zamani kulikuwa na chama cha Wakenya, kikavunjika kwa ugomvi wa nani akae na funguo za ukumbi. Chama kikafa, mwenyekiti akabaki. Akawa mwenyekiti wa harusi, wa matanga, wa karamu za kuwaaga wanaorudi nyumbani, na wa karamu za kuwapokea hao hao waliposhindwa kukaa huko nyumbani. Yeye ni Mkristo wa bara, lakini sisi Waislamu wa Mombasa alitutangaza, na Wakongo akawatangaza, na hata Masingasinga waliokulia Kisumu na Nairobi. "Kifo hakiulizi dini," husema, "kwa hiyo na mimi siulizi."

Mimi naye tulikuwa na jambo, na ni afadhali nilitaje mapema nisije nikaonekana nachora picha ya mtu kwa kupenda tu. Kwa miaka mingi nilitaka kitu kimoja kutoka kwake. Nilitaka amtangaze mdogo wangu kwa jina lake.

Jina lake ni Samira. Alizaliwa akapewa jina la kiume, akakaa nalo utoto wake wote kama aliyevalishwa viatu vya jirani, kisha akalivua. Akaishi mwanamke, akajiita Samira, na sisi tuliompenda tukamwita Samira. Alipanga chumba Ladywood, kwenye ghorofa moja refu ambalo lifti yake ilifanya kazi ikijisikia, na alitengeneza kucha za wanawake mjini. Mwanamume aliyemjua alimuua mumo humo chumbani, kwa chuki ya vile alivyokuwa. Yuko jela, na akae huko huko.

Kaka yetu mkubwa ndiye aliyempigia simu Mwenyekiti. Mwenyekiti akakohoa, akamtangaza mdogo wangu kwa lile jina la kuzaliwa, "kijana wetu mpendwa". Sasa sikiliza balaa. Rafiki zake Samira walikuwa kwenye kundi lile lile la simu. Hawakulijua jina hilo hata siku moja. Wakaandika "poleni familia", kama tunavyoandika sote, wakaendelea na chai yao. Walikuja kujua ni yeye baada ya kuzikwa. Matanga yalikuwa kwa kaka, na mtu aliyesema "Samira" alionyeshwa mlango. Mimi nililisema mlangoni kabisa, nikaokoa muda.

Lakini wacha nimweleze mtu mwenyewe, maana sitaki mseme nimemwonea.

Alivaa suti ya kijivu na kofia ya pama, iwe jua iwe theluji, na kifuani beji ya kile chama kilichokufa. Siku za kazi alikuwa mlinzi wa maegesho ya magari, ndani ya kibanda cha kioo ambacho watu wawili wakiingia lazima wapumue kwa zamu. Humo alipokea watu kana kwamba yuko ofisi ya mkuu wa mkoa. Ukipita kumsalimia ni lazima ubishe, ingawa mnaonana waziwazi. "Ingia," atasema. "Una miadi?" Huna, na anajua huna. Anafikiri kidogo, kisha anakuruhusu.

Itifaki ndiyo iliyokuwa chakula chake. Hakuanza maneno yoyote bila kusema "itifaki imezingatiwa". Tulikuwa tumesimama mimi naye tu siku moja kwenye kituo cha basi cha Erdington, mvua inatupiga ya ubavu, akageuka kwangu akasema, "Mama Fatma, itifaki imezingatiwa, hili basi haliji." Nikamwambia asante Mwenyekiti, tumepokea ripoti.

Matangazo yake yalikuwa na mpangilio wake, na hapo humwambii kitu. Kwanza marehemu, kisha mtoto wa nani, mume au mke wa nani, baba au mama wa nani, ndugu wa nani, shemeji wa nani. Aliwahi kupiga simu hadi Malindi kuuliza kama shemeji bado ni shemeji baada ya talaka. Jibu lilipochelewa, maiti ilisubiri. Mwingereza angeita hiyo kupoteza wakati. Mwenyekiti aliamini kwamba mtu anayekufa ugenini huwa anaelea hewani, na kwamba hao ndugu na mashemeji ndio wanaomfunga kamba wasimpoteze. Aliniambia hivyo mwenyewe, kisha akaona amesema maneno mengi, akaulizia bei ya samaki.

Majivuno? Alikuwa nayo tele. La kwanza kwake lilikuwa hili: "Mimi sijawahi kurudia tangazo." Alilisema harusini, alilisema kanisani, alilisema kwa daktari wa meno. "Redio ya taifa hurudia. Magazeti huomba radhi. Mimi sirudii."

Na bado mtu huyo huyo alikuwa na moyo ambao hukujua umefichwa wapi. Alifariki Mkongo mmoja hapo Erdington, peke yake, hana mke, hana binamu, hana hata mtu wa kumgombania redio yake. Mwenyekiti akatangaza, akafika ukumbini, akaona viti vya mbele, viti vya familia, havina mtu. Akaenda akakaa yeye. Akafunga kitambaa cheusi mkononi, akapokea mkono wa pole kutoka kwa kila aliyepita, akiinamisha kichwa kama ndugu wa tumbo moja. Mimi mwenyewe nilimpa pole kwa kufiwa na mtu ambaye hakuwahi kumwona akiwa hai. Nilipomuuliza, alinijibu kana kwamba ni sheria imeandikwa mahali: "Asiye na watu, watu wake ni kamati."

Ndiyo maana nilimwendea nikiwa na matumaini, matanga ya kaka yalipokwisha. Nilibisha kioo cha kibanda chake.

"Ingia. Una miadi?"

"Mwenyekiti, leo usinianze."

Akanipisha kiti chake, yeye akasimama. Nikamwambia: "Umemtangaza mdogo wangu kwa jina asilolitumia. Mtangaze upya. Samira."

"Mama Fatma, pole tena. Tangazo nilipewa na familia."

"Na mimi ni nani? Jirani?"

"Wewe ni familia. Msemaji wa familia ni kaka yako. Wakisema wawili, hilo si tangazo, ni baraza."

"Rafiki zake hawakujua kama amekufa! Wamemkosa hata kumzika!"

Akatazama magari yake nje, yote yametulia. "Tangazo likishatoka," akasema, "limetoka."

Wallahi, nilikuwa nimejiandaa. Nilidhani atanifungulia Biblia, nami nilikuwa na majibu ya Biblia na ya Kurani, nimeyapanga njiani ndani ya basi. Kumbe hakuwa na ugomvi na Mungu, wala na Samira. Alichokuwa akikilinda ni sifa yake ya kutorudia. Mdogo wangu kalala kaburini na jina la mtu mwingine ili bwana mmoja asiharibu rekodi! Nililia pale kibandani kwa hasira. Akanipa leso iliyopigwa pasi, na hiyo leso ilinikera kuliko maneno yake yote.

Basi nikaacha kumsalimia. Nilipomwona njiani nilivuka barabara. Aliniinulia kofia kutoka upande wa pili, kila mara.

Aliyetukutanisha tena ni Biji. Huyo ni bibi wa Kisingasinga, mtoto wa Kisumu, tuliyezoea kumwita kama wajukuu wake wanavyomwita. Mjukuu wake mmoja ni kama Samira, na yu hai, alhamdulillahi, anasoma chuo na kupaka nywele rangi ya kijani. Kila Novemba, kwenye kanisa moja la mjini, hukusanyika watu wa dini mbalimbali kuwakumbuka watu waliobadili jinsia waliouawa kwa sababu hiyo tu. Wanawasha mishumaa na kusoma majina. Biji hupika chai ya tangawizi, na tangu Samira auawe mimi hupeleka mahamri. Mwaka mmoja mwongozaji aliugua dakika za mwisho. Biji akachukua simu mbele yangu.

"Mwenyekiti? Iko kumbukumbu. Watoto ya watu nauawa. Kanisa iko, padri iko, chai iko. Mtu ya kuongoza hapana."

Nikasikia sauti yake upande wa pili: "Kipaza sauti kipo?"

"Iko."

"Nakuja."

Biji akakata simu, akanitazama. "Yeye hapana uliza," akasema, "mimi hapana sema."

Akaja na suti yake, na kofia yake, na beji. Mlangoni mjukuu wa Biji alimkabidhi mshumaa. "Asante, binti," akasema Mwenyekiti. Akaangalia vizuri. "Asante, kijana." Akaangalia tena. "Asante, mjumbe," akasema, akapita. Ndani kulikuwa na kasisi wa kike, rabi mmoja wa Kiyahudi mwenye miwani, Biji na masufuria yake, na vijana wengi waliokaa wamebanana. Imamu mmoja alikuwa amealikwa. Hakuja, akatuma salamu, na hata hizo salamu zilikuja zimechelewa. Waislamu tulikuwa mimi, nikajikalia kama umati.

Mwenyekiti akashika kipaza sauti. Kwa kile Kiingereza chake cha baraza akasema kwamba itifaki imezingatiwa, akasalimu viongozi wa dini mmoja mmoja, akasalimu na waliopika. Kisha akafanya kile afanyacho kwenye kila msiba, na kila mtu wa kwetu angekifanya. "Kabla ya majina," akasema, "familia za marehemu zisimame, tuwaone, tuwape pole."

Hakusimama mtu.

Kwetu huwezi kumzika hata kuku bila familia kusimama. Wanapangwa mbele, wanatajwa, shangazi mmoja analalamika amesahauliwa. Mwenyekiti alisubiri, kwa sababu familia nyingine husimama polepole. Vijana wakaanza kutazama sakafu. Wenye majina ya kusomwa wengi walikuwa wa mbali, Brazili, Marekani, na kwingineko, na wale wa karibu, jamani, wengi wao familia ndiyo iliyowafukuza mwanzo. Kasisi akanyanyuka kwenda kumnong'oneza. Nilitamani ardhi ipasuke immeze Mwenyekiti, na Biji naye kwa kumleta.

Halafu nikasema moyoni, kwani mimi nani? Nikasimama. Na sahani ya mahamri mkononi, sikukumbuka kuiweka chini.

Aliniona. Akatazama mishumaa, akatazama bendera ya waliobadili jinsia ukutani, akamtazama mjukuu wa Biji, akanirudia mimi, na nikaona usoni mwake wakati ule ule alipotambua ameitwa msiba gani. Akaangalia mlango. Nikasema sasa anaondoka. Na angeondoka, nadhani, lau asingekuwa ameshika kipaza sauti.

"Familia ni mtu mmoja?" akauliza. "Hapana. Haiwezekani. Mimi siwezi kuongoza msiba wa familia ya mtu mmoja." Akapandisha sauti: asiye na watu, watu wake ni kamati, na kamati ni hii hapa, kwa hiyo wote mlioketi simameni, ninyi ndio familia. Kasisi akasimama, rabi akasimama, ukumbi mzima ukasimama, viti vikilia. Akawapanga mstari, akawaamuru wapeane mkono wa pole, mmoja baada ya mwingine. Ungewaona Waingereza wale, hawajui pa kuweka mikono yao, wakipeana pole huku wanalia! Kijana mmoja alinishika mkono asiuachie. Alikuwa mteja wa Samira, wa kucha.

Na bado nilikuwa na kinyongo. Jina la Samira liliposomwa, alilisoma mjukuu wa Biji, na Mwenyekiti alikohoa akaangalia viatu vyake. Hakungoja chai.

"Umeniingiza mtegoni," alimwambia Biji akitoka.

"Kipaza sauti ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa nzuri," akakiri.

Habari zilifika kwenye kundi la simu kabla yeye hajafika nyumbani. Mwenyekiti, ni kweli umeongoza mkutano wa hao? Wengine walimwombea, wengine walimtisha na Mungu. Akajibu kwa sauti, baada ya kukohoa: "Nilialikwa kuongoza, nikaongoza. Mwenye hoja alete ajenda." Hakuna aliyeleta ajenda. Novemba iliyofuata alikuwa kanisani kabla ya Biji hajachemsha maji, akilalamika viti vimepangwa vibaya. "Hao watu wenu," aliniambia, "hawajui kufika kwa wakati." Na siku hizo hizo mzee mmoja alipowacheka mbele yake, alimkatiza: "Hao ni wafiwa, bwana. Wafiwa hawachekwi."

Ikawa desturi. Alijifunza kuyatamka majina ya Kibrazili kwenye treni, kwa sauti, behewa zima likimkimbia. Aliyatamka kwa heshima, akiinua kidevu, kama vile kila mmoja ni mtoto wa chifu. Lakini akifika kwenye majina ya watu wa hapa Birmingham, humpa kasisi asome. Mwaka mmoja sikuvumilia, nikamvamia kwenye chai.

"Wa Brazili unawaita, wa Ladywood humwiti?"

"Wa Brazili sikuwatangaza mimi," akasema taratibu. "Kwao sina kosa."

Ndiyo kusema kwetu analo. Alilijua. Alilibeba huku na huku pamoja na kofia yake, na hakuwa tayari kulitua. Nilirudi nyumbani nimekasirika zaidi kuliko nilivyokuja, maana mtu asiyejua kosa lake unaweza kumsamehe.

Mwanzoni mwa mwaka huu kifua kilimshika, akalazwa. Nafasi yake ilikuwa ikingojewa na Katibu, bwana mmoja mwepesi wa vidole, ambaye matangazo yake huyaandika na kuyapamba kwa picha za njiwa. Katibu akaenda kumjulia hali. Akakuta kitanda kitupu na shuka mpya. Angeweza kumuuliza muuguzi. Badala yake akasoma jina kamili la Mwenyekiti kwenye kadi ya kitandani, jina la ubatizo na la shule, refu kama treni, akalitangaza papo hapo kundini pamoja na njiwa watatu. Mwenyekiti alikuwa ameshushwa kupigwa picha ya kifua.

Na kilichotokea ni hiki: hakikutokea kitu. Hakuna aliyelijua jina hilo. Tangazo la kifo cha Mwenyekiti, aliyetuzika sote, lilipata "poleni familia" kadhaa na vidole gumba. Mimi nililisoma jikoni shuleni ninakopika, nikasema maskini, naye huyu sijui ni nani, nikaendelea kumenya viazi. Ilikuwa jioni ndipo binti yake alipokuja kundini kwa makelele, na Katibu akaomba radhi, na njiwa wakafutwa. Jina lenyewe hapa silitaji. Watu hawamjui kwalo.

Aliporuhusiwa nilikwenda kumwona kwa binti yake, Great Barr. Nilimkuta sebuleni, blanketi magotini, kofia kichwani.

"Nilisikia umekufa," nikamwambia, maana ndivyo tulivyozoeana.

"Ulisikia kwa nani? Hakuna aliyesikia." Sauti yake ilikuwa imekonda. "Nilirudi kitandani, Mama Fatma, nikakuta simu inasema nimekufa. Nikasema sawa, acha niwaone. Nimewalilia watu mji huu mzima, leo ni zamu yangu, si kila mtu hupata bahati hiyo. Nikaishika simu nikangoja. Mtu anaandika pole, halafu anauliza nani anauza jokofu. Nikangoja. Hata wewe."

"Sikujua ni wewe."

"Ndiyo," akasema. "Hawakujua ni mimi."

Binti yake alikuwa akiosha vyombo jikoni. Mwenyekiti akaitafuta simu yake chini ya blanketi.

"Jina la baba yenu niliweke?"

"Liweke."

"Na la kaka yako?"

"Ni kaka yake. Liweke."

"Atanipigia simu."

"Si wewe ni mgonjwa?"

"Kweli, mimi ni mgonjwa," akasema, akafurahi. Akakohoa, na safari hii hakikuwa kikohozi cha sherehe, kilimtoa machozi. Kisha akabonyeza, na ile sauti ya zamani ikatoka sijui wapi: kwa masikitiko makubwa anatangaza kifo cha Samira, binti wa fulani bin fulani wa Mombasa, mdogo wake Mama Fatma, dada wa fulani, rafiki mpendwa wa watu wengi wa Ladywood. Msiba uko nyumbani kwa dada yake, Erdington. Nyote mnakaribishwa.

Akatuma.

"Mwenyekiti! Hukusema ni marekebisho. Hukusema amekufa lini."

"Nimesema amekufa. Kuna uongo hapo?"

"Na umesema msiba uko kwangu!"

"Uko kwa nani, kama si kwako?"

Nilipanda basi simu ikinguruma mfukoni. Poleni. Inna lillahi. Pole dada, nipo njiani. Nilipofika mtaani kwangu, mama mmoja wa Kikongo alikuwa ameshafika mlangoni na sufuria, ananiuliza aiweke wapi. Baada yake wakaja wa Mombasa na machupa ya chai, kisha vijana wa Ladywood, wanaume kwa wanawake na Mungu anajua nani, wengi wao hawajawahi kupewa pole hii hata mara moja. Biji aliingia bila kubisha akaliteka jiko. Walikuwapo waliojua ni msiba wa zamani, wakanyamaza. Walikuwapo wasiojua. Alikuwapo hata mama mmoja aliyekuwa akimpita Samira barabarani bila salamu, kaleta pilau, kwa sababu tangazo ni tangazo, na hakuna aliyetaka ajulikane kwamba hakufika. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuja na chapati ndani ya kitambaa. "Kaka yako hajui kama nimekuja," akaninong'oneza. "Yaani, anajua. Lakini hajui."

Teksi ikamleta Mwenyekiti mwenyewe, binti yake nyuma akimgombeza. Tukamweka kwenye kochi. Nikamwinamia.

"Wengine watachukia wakijua ni habari ya miaka," nikamwambia.

"Ningesema ni ya miaka, nani angekuja?"

Akakubali kikombe cha chai, akakionja, akakiweka. Akawatazama watu waliojaa hadi kwenye ngazi, kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona ana haya.

"Mama Fatma, huyu nimemtangaza mara mbili na simjui. Niambie alikuwa mtu wa namna gani."

Nyumba ikatulia inisikilize. Nilikuwa nimeyahifadhi maneno ya siku hiyo kwa miaka, mazuri, ya kuwatoa watu jasho, na yote yalinikimbia. Nikasema la kwanza lililonijia, kwamba Samira alikuwa hawezi kupika hata yai, na kwamba aliwahi kuunguza maji. Vijana wa Ladywood wakapiga kelele kuwa ni kweli, waliyaona hayo maji. Watu wakacheka, wote, mpaka yule mama wa pilau, na mimi katikati ya kicheko chao nikaanza kumlilia mdogo wangu.